Kumpa Amiri Mgongo

Kiti cha Mwanakombo kilikuwa chini ya picha ya amiri wa jeshi la majini, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ya ghorofa katika mtaa wa Ixelles, huko Ulaya, si mbali na mabwawa ya hapo. Ndani zimetundikwa picha za zama za meli za matanga: manowari zinazopigana, moshi wa mizinga, milingoti inayoanguka, na maofisa waliosimama wima katika makoti yenye vifungo vya dhahabu. Mwanakombo alichukuliwa kulinda chumba kimoja cha juu, kwa majaribio kwanza. Kabla ya hapo alikuwa amesafisha ofisi za Etterbeek, mtaa wa jirani, miaka mingi, akiingia alfajiri wenye ofisi wakiwa bado wamelala, mpaka magoti yakagoma. Alipoambiwa kuna kazi ya kukaa mahali penye joto na kuangalia tu watu wasiguse picha, alisujudu pale pale sebuleni kwake, kabla hata ya kuuliza ataanza lini.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Wazazi wake walifariki mapema, akalelewa na baba yake mdogo, Burhani, fundi cherehani. Katika nyumba ile mtoto hakumpa mkubwa mgongo. Ukishamwandalia chai, ulitoka kinyumenyume hadi mlangoni, ukitafuta kizingiti kwa kisigino. Hakuna aliyepigwa kwa ajili ya hilo. Ilikuwa hivyo tu, kama vile mtu asivyokula kwa mkono wa kushoto.

Na amiri wa ukutani alikuwa na macho ya Burhani. Uso wake ulikuwa mwekundu, nywele za bandia zimemwangukia mabegani, mkono umeshika darubini. Lakini macho yale mazito, yenye kope zilizolegea, yalikutazama kana kwamba yamekwisha kukusamehe kosa ambalo bado hujalifanya. Siku ya kwanza Mwanakombo alimsalimu kimoyomoyo, akaketi. Mgongo ukaanza kumwasha. Akakisogeza kiti, kikakaa upande. Kufika adhuhuri kilikuwa kimegeuka kabisa: mlinzi akimtazama amiri, na wageni wakipita nyuma yake.

Alikirudisha. Kesho yake kikageuka tena. Hakukusudia, alijishtukia tu, mikono imetulia mapajani, akiyatazama yale macho na kujisikia yuko nyumbani.

Siku moja ya mvua, mgeni mmoja alikuwa akimweleza mkewe mapigano kwenye picha ya ukuta wa pili. Akataka kumwonyesha mlingoti wa meli inayozama, akaufuata kwa ukucha kutoka juu hadi majini. Mwanakombo hakuona kitu. Aliyeona ni mlinzi wa chini, kwenye kamera. Picha haikudhurika, lakini Inge, mkuu wa walinzi, alipanda ngazi mwenyewe.

"Madame Mwanakombo," alisema kwa Kifaransa chake chenye lafudhi ya Kiflemi, "kazi yako ni kuwaangalia walio hai."

"Ndiyo, Madame."

"Kiti kina shida?"

"Hapana, Madame."

Inge alisubiri kidogo, kama mtu aliyeacha mlango wazi. Mwanakombo akainamisha kichwa.

"Jumanne nitapita tena," alisema Inge. "Majaribio yako yanaisha mwezi huu. Nikiulizwa, nitasema nilichokiona."

Jumamosi Mwanakombo alikwenda kusukwa nywele kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, kwa Mathilde, Mkongomani wa Bukavu, ambaye humvutia pazia ili aweze kuvua ushungi. Akamsimulia yote.

"Donc, ule muzee wa ku ukuta ndiye atakufukuzisha kazi?"

"Usimucheke. Ana macho ya baba mudogo."

"Sicheke." Alikuwa anacheka. "Lakini baba mudogo wako alikuwa na perruque, nywele za bandia vile?"

Mwanakombo naye akacheka, kichwa kikatikisika, Mathilde akakirudisha kwa kuvuta usuko.

"Tulia. Bon. Ule madame, ulimuambia?"

"Nimuambie nini? Atasema naabudu picha. Miye, mwanamuke wa kuswali."

"Heshima haiko kuabudu."

"Weye unajua. Yeye anajua?"

"Atajua namna gani, na umefunga kinywa? Sasa hivi anafikiri unageuza kiti kusudi usinzie." Mathilde alichukua kitana, akagawa nywele. "Kama ni kufukuzwa, alors, ufukuzwe kama muvivu ao kama muntu wa adabu? Chagua."

Jumanne Inge alikuja mapema, kabla ya wageni. Mwanakombo alikuwa amesimama kando ya kiti, hakukikalia. Akaanza kusema kabla woga haujamkaba.

"Madame, kwetu mtu hampi mkubwa mgongo. Huyu anafanana na mzee aliyenilea. Najua ni rangi tu. Kichwa kinajua. Mwili ndio haukubali."

Inge alikwenda kwenye kiti, akaketi, mgongo kwa amiri. Akakaa hapo akiyatazama mapigano ya mbele yake, ambako meli mbili zilikuwa zimekaribiana hadi matanga yao yameingiliana, na moto unamulika maji kutoka chini. Kisha akageuza shingo kumwangalia mzee wa juu yake.

"Bibi yangu wa Ostende," alisema, "alikuwa na picha ya babu sebuleni. Babu hakupenda karata. Alipokwisha kufa, kila Alhamisi, kabla marafiki wa bibi hawajafika kucheza, yeye aliigeuza picha itazame ukuta. Wakiondoka, anaigeuza tena na kumwambia: habari za jioni."

"Alikuwa na adabu," alisema Mwanakombo.

"Alikuwa mwoga." Inge alinyanyuka. "Lakini huyu hatuwezi kumgeuza. Ni mzito kuliko sisi wawili."

Basi wakakibeba kiti, mmoja huku na mmoja kule, wakazunguka nacho chumba kizima. Kwenye ukuta wa kushoto kulikuwa na maofisa watatu, mmoja mkono mtupu wa koti lake umebanwa kifuani kwa pini. Mwanakombo akatikisa kichwa. Wakasimama chini ya mapigano.

"Na hawa?" Inge aliwaonyesha mabaharia wadogo kama punje, waliokuwa wakining'inia kwenye kamba na kuogelea kati ya mbao.

Mwanakombo aliwatazama kwa huruma. "Hawa sawa. Wana shughuli zao. Lakini nikikaa hapa, wao ndio sitawaona wakiguswa."

Wakaishia pembeni, kati ya dirisha na mlango, mahali pasipo na picha. Mwanakombo akaketi. Amiri alikuwa mkono wa kuume, vita mkono wa kushoto, na yeyote aliyeingia angepita mbele yake. Mgongo wake ulikuwa umeelekea ukuta mtupu.

"Hapa pana baridi," alisema Inge.

"Nitaleta shali."

"Mahali pa viti si mimi ninayeamua. Nitawaomba wakubwa. Siahidi kitu."

Siku zile za kusubiri jibu Mwanakombo alikirudisha kiti mahali pake pa zamani na hakukigeuza. Alivumilia. Kila jioni, kabla ya kuondoka, alisimama mbele ya amiri akamwomba radhi, na hata kama kazi ingekatika alikuwa amekwisha kuhesabu moyoni alichopewa: joto, magoti yaliyopumzika, na uso wa baba mdogo ambao hakuutazamia kuuona tena katika nchi hii.

Ijumaa Inge alipanda ngazi akiwa na kiti kingine begani.

"Wamekikubali pale pembeni," alisema, akakitua. "Na wewe wamekukubali. Chini wanakusubiri usaini mkataba."

Mwanakombo alishika mkono wa Inge kwa mikono yake yote miwili na kukunja goti kidogo, kama alivyofunzwa. Inge, asiyejua afanye nini, naye akakunja la kwake.

"Yule bibi yako aliitwa nani?"

"Mia. Kwa nini?"

"Leo nitamshukuru Mungu kwa ajili yake. Sipendi kusema tu yule bibi wa Ostende, kama mtu asiye na jina."

Inge alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Mwambie basi kwamba alikuwa akiiba kwenye karata."

"Hilo Mungu analijua," alisema Mwanakombo, akashuka kwenda kusaini.