Mpishi wa Burito wa South Beach

Mwaka 1998, burito tamu kuliko zote Durban ilipikwa na mama mmoja wa Tanga, kwenye kibanda chini ya maghorofa ya South Beach. Alipasha chapati mpaka ivimbe, akapaka maharage mazito yaliyopondwa, akaweka nyama ya kuchoma, kisha akaikunja taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala. Halafu alikutazama mpaka umeze. "Iko sawa, mwanangu?"

Siku moja nilikuwa na haraka, nikamjibu, "Eish, mama, si chapati maharage tu hii!" Akatabasamu, akaanza kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Juma lililofuata nilirudi kumwomba radhi, nikakuta kibanda kimefungwa. Muuza magazeti wa jirani akaniambia mama amehamia kwa bintiye mtaa wa Sydenham, humu humu Durban, na hapiki tena. Sydenham ni mwendo wa taxi moja tu, lakini mpaka leo sijaenda.