Maziwa Yangu Hayakuwa na Sumu

Mama mkwe ndiye aliyenipaka mubirizi kwenye matiti. Majani yale machungu aliyasaga mbele ya wanawake wa chumba cha maombi waliokuwa wakiimba, nami nikaambiwa nitulie. Mtoto, mvulana wangu wa tatu, alikuwa na miezi mitano, mnene, anacheka na kila mtu. Alipoonja uchungu alilia mpaka sauti ikakauka, na nilikatazwa kujiosha. Hasira ile bado ninayo, na sina mpango wa kuitua.

Sababu yao ilikuwa hii. Nilikuwa nimezika wavulana wawili pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Wote walianza vizuri, kisha meno ya kwanza yalipotoka ikaja homa, usaha masikioni, kifua kubana, kaburi. Binti zangu wawili hawakuugua hata mafua ya maana.

"Maziwa ya huyu mwanamuke inachukia batoto banaume," mama mkwe alisema. "Inageukaka sumu. Huyu tumuachishe mbele ya kugeuka."

Mume wangu aliangalia chini. Kwa kuangalia chini alikuwa hodari.

Mtoto aliugua vilevile. Nimonia ya pili ilipomshika, mama mkwe akasema tulichelewa kumwachisha. Nilimfunga mgongoni nikapanda lori la ndizi hadi Kaberebere, kisha hospitali ya Mbarara. Mama mkwe akanifuata, eti nisimtoroshe mjukuu wake.

Daktari, mama wa Kinyankole, alimmulika kooni. "Huyu mtoto hana mafindofindo kabisa, zile tezi za kooni kila mtu huwa nazo," alisema, akamulika tena. Aliniuliza kama kwa mama yangu kuna wavulana waliokufa wachanga. Walikuwepo, wajomba zangu wawili. Damu ikapelekwa maabara ya mbali, na majibu yaliporudi alituketisha mimi na mama mkwe.

Nilielewa hivi. Damuni kuna seli B, watengenezaji wa kinga. Ili zikue zinahitaji kimeng'enya kinachopeleka habari ndani ya seli: kua, gawanyika, pigana. Seli yenyewe hukipima kama mpishi anavyopima chumvi. Ikiitwa kazini hukiongeza, kazi ikiisha hukipunguza, maana kikizidi seli inaweza kuugeukia mwili wake. Mwanangu hakuwa na cha kupima. Maelekezo ya kukitengeneza yalikuwa na kasoro, na seli zilikufa changa ndani ya mifupa. Maelekezo hayo mvulana hupewa na mama peke yake. Msichana hupewa na baba pia, kwa hiyo ya mama yakiharibika, ya baba humwokoa.

"Si nilisema?" mama mkwe alidakia. "Inatoka kwake."

Daktari alimgeukia. "Sikia, mama. Ile miezi mtoto alikuwa mzima, ni kinga ya huyu mama alipata akiwa tumboni. Ikaisha. Maziwa ilikuwa inasaidia kidogo, na nyinyi mkaondoa."

Ningependa kusema nililia. Nilitaka kumpiga mtu. Kasoro ilikuwa yangu, naikubali kama ninavyokubali ufupi wangu. Lakini hata kile kidogo nilichoweza kumpa mwanangu walikipaka uchungu, wakaimba.

Dawa inayotengenezwa kwa kinga za watu wengine, ya kuwekwa mshipani maisha yote, haikupatikana pale. Tulipewa ya kunywa kila siku, kuzuia maambukizi. Kwenye kituo cha mabasi mama mkwe alinyoosha mikono.

"Mulete. Atabakia mu maombi. Wewe rudia kwenu."

Kwetu kulichomwa moto, na yeye alikuwepo tulipokimbia.

"Mama, kwetu ni pahali huyu mutoto anakunywea dawa," nilimwambia, nikamkaza mtoto mgongoni.

Sikupanda gari. Nilipanga chumba mtaa wa Ruti, humohumo Mbarara, nikawa nafua nguo za watu, na juma lililofuata nikawachukua binti zangu. Mume wangu hakuzuia wala hakufuata. Baada ya miezi mingi mama mkwe alimtuma jirani kuuliza kama mjukuu amepona.

"Mwambie hajapona na hatapona," nilijibu. "Na mwambie ameanza kutembea. Kaka zake hawakufika hapo."