Kuyauliza Maji

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ana bwawa la tilapia bondeni, nyuma ya boma lake huko Lurambi. Nilipomaliza chuo nilikaa kwake nikisubiri ajira, na nikakuta analitunza bwawa hilo kwa namna iliyoniudhi. Katika pembe moja amezungushia uzio wa vijiti, na ndani yake hutia samadi ya ng'ombe. Samadi huyarutubisha maji, maji yakaota ukijani, na samaki wakaula ukijani huo. Hilo nililielewa. Nilichokitafuta bila kukiona ni kipimo. Wiki moja alitia ndoo mbili, wiki nyingine hakutia hata konzi.

"Unajuaje kiasi, Shangazi?"

"Nayauliza maji." Alikunja mkono wa blauzi, akauzamisha mkono wake hadi kwenye kiwiko. "Ukiona vidole, maji yana njaa, ongeza. Vidole vikipotea kabla kiwiko hakijalowa, yameshiba. Acha."

Chuoni nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu mrejesho, yaani jinsi mfumo wa asili unavyojirekebisha kwa kupokea habari za matokeo ya kazi yake wenyewe. Hata hivyo, mbele yangu nilimwona mama anayebahatisha tu. Siku hiyohiyo niliandika ratiba, ndoo mbili kila Jumatatu na Alhamisi, nikaibandika kwenye mlango wa zizi.

Mwezi huo wakwe walitarajiwa kuja kuzungumza mahari ya binti yake. Shangazi alikuwa amewatangazia akina mama wote wa kanisa kwamba wageni wake watakula samaki wa bwawa lake mwenyewe. Alisafiri wiki mbili kumsaidia binti huyo kujiandaa, akaniachia bwawa. Niliifuata ratiba kwa uaminifu mkubwa. Mkono wangu haukulowa hata mara moja.

Alirudi Jumatano jioni. Wageni walikuwa wa Jumamosi. Alhamisi alfajiri nilisikia sauti yake kutoka bondeni.

"Mwalimu! Njoo uwaone wanafunzi wako!"

Samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Maji yalikuwa mazito na ya kijani kama mrenda uliozidi moto. Watatu walikuwa wameshakufa.

"Digrii yako imewaanzishia kwaya," alisema, lakini hakucheka. "Jumamosi wakwe watakula nini? Ratiba?"

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichokisoma. Mchana ukijani hutoa hewa, lakini usiku nao huivuta. Ukizidi, kufikia alfajiri haubakishi kitu kwa samaki. Kwa wiki mbili maji yalikuwa yakinipa habari hiyo, na mimi nilikuwa nikiisikiliza ratiba ya Jumatatu na Alhamisi.

Tuliitoa samadi yote kwa reki. Nilichimbua mfereji kwa jembe ili maji ya kijito yaingie, naye akasimama ukingoni akichota kwa ndoo na kuyamwaga maji kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Tulimwaga hadi jua likapanda na mabega yakatuuma. Samaki mmoja alizama, kisha wengine, kisha uso wa bwawa ukatulia.

"Wameacha kuimba," akasema, na safari hii akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Ijumaa aliniagiza nizamishe mkono, akasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Niliubandua ule ukurasa wa ratiba zizini bila kuambiwa.

Jumamosi wageni walikula tilapia wa kukaanga na ugali, wakabakisha miiba mitupu. Baba mdogo wa bwana harusi aliosha mikono taratibu, akamgeukia Shangazi.

"Mama, samaki hawa ni watamu kweli. Salamu tumezipokea. Sasa kuku wako njiani?"

Nyumba nzima iliangua kicheko, maana kwetu mkwe asiyepewa kuku hajakaribishwa. Nilimtazama Shangazi kwa hofu, nikidhani fahari yake imeanguka. Yeye alikuwa ameshainuka kuelekea jikoni.

"Niletee sinia kubwa," aliniambia. "Wako tayari tangu saa nne."