Mchezaji Atakayetajwa Baadaye

Nilikuwa kwenye foleni katika duka la mama mmoja Mkongomani, South End, Louisville, Marekani, nimeshika samaki wangu mkavu, alipoingia wakala wa mwanawe. Kijana huyo anacheza besiboli ya kulipwa. Wakala, Mkenya wa suti na tai, ndiye anayemsimamia mikataba.

"Mama, timu yake imempeleka kwa timu ya Columbus," alisema. "Badala yake watapewa mchezaji mwingine, jina litatajwa baadaye. Ni kawaida, mama, relax."

Mama akaiacha mizani. "Mutu hana jina, ni mutu gani? Mimi nilipatia mutoto yangu jina siku alizaliwa!"

Jumamosi iliyopita nilirudi kununua unga, nikamkuta wakala palepale, akiizungusha tai vidoleni. Columbus walikuwa wamelitaja jina. Mchezaji waliyemtoa ni kijana yuleyule wa mama.

Mama alimkazia macho. "Donc, mulibadilisha mutoto yangu na mutoto yangu?"

"Ndiyo, mama. Na nilipigania sana."

Nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu amelala kwenye kochi na viatu miguuni. Nikafikiria kumpigia simu yule wakala anibadilishie, kisha nikaacha. Kwa jinsi anavyopigania, ningerudishiwa huyuhuyu.