Maji Tuliyochota Mitambo Ikiwa Imezimwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya 2007, Meneja wa Uzalishaji alinikabidhi chupa sita na sharti moja. "Mzee, hapa tunachota Jumatatu tu, kabla ya saa moja asubuhi. Sawa?" Kilikuwa kiwanda cha kutia nyuzi rangi, hapa Nakuru. Kazi yangu ilikuwa kuchota sampuli za majitaka, kuzipeleka maabara zipimwe, kisha kuandika ripoti ya mazingira ya mwaka. Mimi sharti lisilo na sababu hunitia shaka. Jumatatu alfajiri mapipa ya rangi yalikuwa hayajawashwa tangu Jumamosi. Alhamisi nikachungulia mtaro: maji mekundu kama yaliyooshewa bitiruti.

Nikamuuliza Mkurugenzi wa Fedha. Akacheka. "Boss, wanunuzi wa ng'ambo siku hizi wananunua ripoti kwanza, nyuzi baadaye. Ukiharibu ripoti, benki inakataa loan, na hao wafanyakazi wetu wa mtaa wa Kaptembwo wanaenda home. Ni wewe utawaambia?" Nikarudi kwenye chupa zangu. Nilikuwa na watoto wawili sekondari.

Januari 2008 ghasia za uchaguzi zikaingia mjini. Wafanyakazi wakakimbia, mitambo ikazimwa wiki kadhaa, na mtaroni yakapita maji ya kunawa ya walinzi tu. Mkurugenzi akanipigia simu: "Chota sasa, kila siku." Mnauona ujanja? Ripoti ikasema uchafu umepungua kwa kiasi kikubwa. Haikusema kwamba hapakuwa na mtu kazini. Kila namba ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikatia sahihi. Mkopo ukatoka, mapipa yakachemka tena.

Baadaye nilimkuta jirani wa kiwanda, Mama Chebet, akinywesha ng'ombe wake wa pekee mtaroni.

"Mathe, usimpe hayo maji!"

"Nilikuwa namzuia. Lakini si mlibandika ripoti pale gate ati maji iko sawa? Nikaona jina yako, mzee, nikasema huyu namjua. Kwani hiyo sahihi si yako?"

Sasa nimestaafu, nalima viazi Dundori. Wahitimu huniletea ripoti za kampuni zao zenye picha za miti, wakiniuliza ni ipi ya kuaminiwa. Huwaambia nazishuku zote, na aliyeniharibu ni mimi mwenyewe. Nilichomjibu Mama Chebet sijawahi kuwasimulia, kwa aibu. Nilimwambia ni majina tu kufanana.

"Basi huyo mwenyewe aliandika anajua kuliko wewe," akasema, akailegeza kamba, ng'ombe akaendelea kunywa.