Donge Lisilo na Chumvi

Babu yangu ameoka mikate miaka thelathini na moja, na kiwandani hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Ulimi. Jina hilo alilipata kwa kuonja. Kila alfajiri, kabla donge la unga halijakatwa, sote watano tunaizunguka meza. Kila mtu ananyofoa kipande kama punje ya mahindi, anatafuna, anatema kwenye ndoo, kisha anasema: "Imekubali." Anaanza mkubwa, anamaliza mdogo. Babu wa kwanza. Wa pili ni Shangazi, mkandaji, ambaye si shangazi yangu wa damu ila ndiye aliyenifundisha kufunga mikate bila kuiminya. Halafu Kaka Moto wa tanuri, mwenye nyusi zilizoungua. Halafu mkataji, mwenye maneno makali kuliko kisu chake. Wa mwisho mimi, mfungaji.

Sijawahi kusikia mtu akisema neno jingine zaidi ya "imekubali". Nilidhani ni kwa sababu tunajua kazi.

Jumanne lori la unga lilifika Shangazi akiwa katikati ya kukanda. Alitoka kuwaonyesha wapakuzi pa kupanga magunia, akarudi, akaendelea pale alipodhani ameishia. Chumvi ilibaki kwenye kopo lake.

Tukaizunguka meza. Babu alitafuna, akatutazama usoni mmoja mmoja kama anayetafuta kitu alichodondosha. "Imekubali."

"Imekubali," akasema Shangazi.

Kaka Moto alicheua kama ng'ombe, akakuna sikio. "Imekubali."

"Imekubali, tena leo imejipita!" akasema mkataji.

Zamu yangu. Nilihisi natafuna karatasi iliyolowa. Neno "bado" lilishafika kwenye meno. Nikainua macho, nikakuta wanne wananisubiri, mkataji kisu kiko juu tayari.

"Imekubali," nikasema.

Saa nane mchana mikate ikarudishwa, ya hospitali na ya shule ya bweni, yote. Tajiri, mwanamke mwenye kiwanda, alisimama mlangoni na mkate mmoja kwapani.

"Mtia chumvi hapa ni nani?"

"Ni mimi, Tajiri," akasema Shangazi.

"Basi kesho saa mbili uniletee aproni yangu hapo mezani, na kwaheri."

"Lakini sote tulionja!"

"Na nani alisema haina chumvi?"

Tulitazama sakafu. Shangazi ana miaka tisa pale na watoto watatu wanaomtegemea yeye tu. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, unga umekauka kwenye kucha.

Mimi si msemaji, ila jambo likinikwaruza kichwani situlii mpaka nilijue. Watu watano, ndimi tano, na chumvi hakuna. Imekuwaje? Nikawafuata mmoja mmoja, kila mtu peke yake.

"Niliona haina," akaninong'oneza Kaka Moto kwenye joto la tanuri. "Nikasema labda ni mimi, jana nilijiunguza ulimi kwa chai. Wakubwa wawili wameshakubali, mimi nani?"

Shangazi aliniambia akikunja aproni. "Mwanangu, ulimi ulisema hapana. Ila nilishasikia sauti ya babu yako. Nikakumbuka kabisa mkono wangu ukitia chumvi. Nimeuona mkono, wallahi, na haukutia."

Mkataji ndiye aliyenishangaza. "Chumvi ilikuwepo! Niliisikia hapa," akasema, akigusa ncha ya ulimi. Hakuwa anadanganya. Nilimtazama machoni, mtu yule alionja chumvi ambayo haikuwepo.

Akabaki Babu. Nilipomuuliza akanijibu, "Maswali mengi humzeesha mtoto," akaondoka.

Hapo nikaanza kukumbuka. Nyumbani, chakula kikiwekwa, Babu hutangulia kuniuliza mimi: "Vipi, kimekolea?" Zamani alikuwa hamuulizi mtu. Basi jioni ile nikampikia chai, nikaacha sukari kwenye rafu, nikatia chumvi kijiko kizima. Nikakaa mbele yake nimtazame.

Alikunywa nusu kikombe. "Chai ya leo ina mkono wa marehemu bibi yako."

"Babu, ni ya chumvi."

Aliweka kikombe chini. Nilidhani atanichapa kofi. Badala yake akakitazama kile kikombe kana kwamba ndicho kilichomsaliti.

"Tangu yale mafua," akasema. "Huu ni mwezi wa nne sasa. Mdomo umekuwa ngozi ya kiatu."

"Na kiwandani?"

"Nawatazama nyuso. Nikisema imekubali, nanyi mkakubali, najua niko salama."

"Lakini sisi tunakusikiliza wewe, Babu."

Akacheka cheko fupi lisilo na raha. "Kwa hiyo nawafuata mnaonifuata. Tumekuwa kipofu na fimbo, na fimbo nayo haioni." Akakisogeza kikombe mbali. "Mtu anayeitwa Ulimi atasemaje hana ulimi?"

Asubuhi aliwahi kuliko sote. Akamwambia Shangazi akande donge dogo, bila chumvi, kwa makusudi. Sisi wengine akatuagiza neno lile lile moja.

Saa mbili Tajiri akaingia. Aproni ilikuwa mezani, imekunjwa.

"Kabla hujaichukua, Tajiri," akasema Babu, "onja nasi la leo. Wewe uwe wa mwisho."

Imekubali, imekubali, ikazunguka. Mimi nilisema nikitazama ndoo. Tajiri akatafuna. Akatutazama, akatafuna tena.

"Mm," akasema. "Sasa hii ndiyo mikate ninayoijua."

Mkataji akakohoa vibaya.

"Halina chumvi hata chembe," akasema Babu.

Tajiri akanyofoa kipande kingine. Safari hii alifumba macho. "Mmenichezea!"

"Nisamehe, tumekuchezea. Ila jana tulijichezea wenyewe. Huyu alisahau mara moja, mtu mmoja. Sisi tulikosea watano, na wa kwanza ni mimi. Ulimi wangu umekufa, Tajiri. Kama kuna wa kuacha aproni hapa, ni huyu mzee."

Tanuri lilisikika likivuma. Tajiri alifuta vidole polepole, uso umemwiva, nami sikujua kama ni hasira au aibu. Mwishowe akaisukuma aproni kwa Shangazi.

"Vaa, moto unapotea." Kisha kwa Babu: "Na mikono nayo imekufa?"

"Mikono ipo."

"Basi baki na mikono. Kuonja waanze wadogo."

Hivyo Alhamisi nikawa wa kwanza. Nilitafuna. Chumvi ilikuwepo ila hafifu. Kusema kulikuwa kugumu kuliko siku ile ya karatasi, maana sasa hapakuwa na wa kumtazama.

"Bado," nikasema.

Kisu cha mkataji kikabaki hewani. Babu akainamia donge, ila niliona shavu lake likitabasamu.

"Hata mimi naona bado," akadakia Kaka Moto.

Kipande chake kilikuwa bado mkononi, hakijagusa ulimi.