Siku ya Msamaha Ghalani

Siku niliyoanza kazi katika ghala la mchele, pale Makiso karibu na bandari, mji wetu ulikuwa bado unaitwa Stanleyville na mimi nilikuwa kijana mwenye suruali moja ya maana. Nilidhani nitapewa kalamu. Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, alinipa mkeka na gunia bovu, akanionyesha kazi ambayo sikuwahi kuiona hata kwa wajomba zangu, Waislamu waliouza mchele tangu enzi za babu zao.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa nafaka. Kwenye maghala mengine walinyunyiza dawa, mambo yakaisha. Sisi tulianika mchele mkekani, nusu juani, nusu kivulini, na upande wa kivuli tukalaza gunia lililoloa. Fukusi hawapendi joto. Walitembea wenyewe mpaka kwenye gunia. Tulilibeba polepole hadi nyuma ya ghala na kulikung'uta juu ya makumvi, yale maganda ya mpunga, ili waendelee na maisha yao. Wapita njia walisimama kutucheka. Niliona haya hata kumwambia mama yangu ninachofanya kutwa nzima.

Patroni wetu, yaani tajiri mwenye ghala, alikuwa Mhindi wa dini ya Wajaini. Aliamini kwamba kila chenye uhai kina roho inayoumia kama yetu, na anayeiumiza anajichafua mwenyewe. Hakula nyama, maji ya kunywa aliyachuja kwa kitambaa, na chakula cha jioni alikimaliza kabla jua halijazama, asije akameza mdudu gizani. Dukani kwake hakuuza panga wala ndoana, na wavuvi wa kwenye maporomoko ya mto walimwona mtu wa ajabu. Kusema uongo, kwake, kulikuwa sawa na kumpiga mtu.

Lakini kilichonitoa jasho zaidi ni siku moja ya kila mwaka, mwisho wa mfungo wake. Alitufuata mmoja mmoja kazini, akaunganisha viganja, akainama. "Kama nilikukosea, kwa kujua ao bila kujua, unisamehe." Wakati ule patroni yeyote alikuwa mtu wa kukutukana, si wa kukuinamia. Sikujua nitazame wapi. Nilijibu "Si kitu, patroni," nikakimbilia mizani.

Uhuru ukaja, nami nikapandishwa kuwa magazinie, mtunza ghala. Baadaye waasi wakauteka mji. Wafanyabiashara walichukuliwa kwa tuhuma yoyote, na wengine hawakurudi. Siku ya msamaha ilipokaribia, nilimsihi patroni aiache.

"Magazinie," aliniambia, "mwaka huu ndio niliogopa watu, nikawachukia. Nikiacha mwaka huu, ile miaka ingine nilikuwa naomba ya nini?"

Basi siku ilipofika, patroni alikuwa amemwinamia kapita mlangoni wakati komanda wa waasi alipoingia na vijana wake kuchukua mchele. Alisikia maneno yote.

"Bon," komanda akasema. "Mutu mwenye anaomba pardon, ni juu alifanya mubaya. Alikufanya nini?"

Kapita alirudi nyuma hadi kwenye magunia. Patroni, ambaye hangedanganya hata kwa kuokoa shingo yake, akaanza kujibu mwenyewe: "Ndiyo, niliwakosea hawa watu. Niliwakalipia, nikawashuku..." Nikajua akiendelea hivyo kila neno litakuwa shtaka, na jioni hatutakuwa naye.

Nikaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kujilazimisha, na nakichukia mpaka leo.

"Komanda, usimusikilize. Huyu muzee kichwa yake iko bure. Anaombaka pardon hata kwa fukusi ya muchele."

"Fukusi?"

"Fukusi, komanda. Umuulize."

Vijana wakacheka. Komanda akaagiza gunia lenye fukusi, akalitupa miguuni mwa patroni. "Alors, omba."

Patroni alipiga magoti, akaunganisha viganja, akawaomba fukusi msamaha. Hakufanya mzaha. Aliomba kwa sauti ileile aliyotumia kutuomba sisi, kisha akalikunja gunia kwa uangalifu ili asimponde hata mmoja. Waasi walicheka hadi machozi. Wakabeba mchele, wakamwacha hai.

Walipoondoka sikuweza kumtazama. Yeye ndiye aliyenifuata.

"Umeniokoa," alisema. "Lakini uongo ule umekuumiza wewe, na ni juu yangu. Unisamehe."

Hata hapo nilijibu, "Si kitu, patroni."

Vita vilipopoa alikwenda kwa ndugu zake ng'ambo, hakurudi. Mimi nilitunza maghala mengine, yenye dawa nyeupe ya kukohoza, mpaka nikastaafu. Nilisimamia watu wengi na nikawakosea wengi, lakini sikumwinamia hata mmoja. Haya ilinizuia. Ninyi mnaoanza kazi leo mtaniuliza nilijifunza nini kwa mtu yule, na jibu langu ni fupi kuliko linavyopaswa kuwa.

Mji ulikumbuka fukusi tu. Kwenye harusi na sikukuu huniita kwa heshima ya babu: "Koko, utuambie ya Muhindi wa fukusi." Nami, babu mzima, hupiga magoti, nikaunganisha viganja na kubana sauti iwe nyembamba, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyocheka zaidi. Idi iliyopita magoti yaliniuma, mjukuu wangu wa kike akaigiza badala yangu, kwa sauti ile niliyomfundisha. Patroni hakuwa na sauti ile kabisa. Nilitaka kuwaambia, lakini nilikuwa nimeshaanza kupiga makofi pamoja nao.